Pangani, Amani au Lushoto: uitoe pikipiki uende wapi baada ya masika

Masika yakishakatika, kuanzia katikati ya Juni hivi, mkoa wa Tanga huwa na wiki chache za peke yake. Nyasi za kando ya njia ziko juu ya goti, madimbwi yamekauka lakini vumbi halijaamka, jua la saa tatu halichomi na usiku mtu anavuta shuka. Ndicho kipupwe, na kwa mwenye pikipiki hakuna majira yanayoyapita haya. Wenzetu wa Ulaya huifungia pikipiki bandani baridi inapoanza, wakaitoa Machi au Aprili, theluji ikishayeyuka na chumvi iliyomwagwa barabarani ikishaoshwa na mvua. Sisi kinachotufungia ndani ni mvua ya Aprili na Mei, na siku za kuitoa ndizo hizi.

Basi twende wapi? Vijiweni jibu huwa Lushoto, kwa kuwa picha za Lushoto ndizo zinazozunguka zaidi kwenye simu. Mimi sioni picha inavyomsaidia mtu kuchagua njia. Yanayoamua ni tairi ulizonazo, mtu uliyempakia, na saa unayotakiwa uwe umerudi nyumbani. Hapa nazilinganisha njia tatu kwa mtu anayeanzia Tanga mjini: ya Pangani pwani, ya Amani kwenye Usambara ya Mashariki, na ya Lushoto kwenye Usambara ya Magharibi. Nazungumzia pikipiki za kawaida, Boxer, TVS, Haojue na Honda, za CC 100 hadi 150, maana ndizo tulizonazo wengi.

Njia ya kaskazini kwenda Horohoro nimeiacha. Ni lami hadi mpakani, na ukiondoa mapango ya Amboni, ambayo yako kilomita chache tu kutoka mjini, sikuona huko cha kumfanya mtu aamke alfajiri siku ya mapumziko.

Umbali na saa

Pangani iko kama kilomita 50 kusini mwa Tanga. Unaondoka baada ya kunywa chai, unarudi kabla ya magharibi, na katikati umepata muda wa kuoga baharini.

Amani ni lami ya barabara kuu hadi Muheza, kilomita 40 kasoro, kisha unaiacha barabara kuu na kupanda kilomita 30 na ushei, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Kwenye ramani inaonekana ni Pangani pamoja na kipande kidogo. Kipande hicho kidogo kinakula saa moja na nusu mpaka mbili ukienda kwa heshima, na saa zaidi ukinyeshewa.

Lushoto ni safari ya namna nyingine: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, ndipo zianze kilomita 33 za kupanda mlima. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 160. Mtu akikwambia alikwenda Lushoto kwa CC 125 akarudi siku hiyohiyo, mwulize aliona nini. Kuanzia Segera uko kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, pamoja na mabasi yanayokimbizana na ratiba na malori yanayokusukuma pembeni kwa upepo wake tu. Hapo mtu haendeshi kwa raha, anavumilia. Kwa hiyo ukichagua Lushoto, hesabu kwamba unanunua kona nzuri za mlimani kwa saa kadhaa za lami ya hatari, kwenda na kurudi, na pia unalipia kitanda. Kwa wikiendi yenye siku mbili kamili inalipa. Kwa Jumapili moja hailipi.

Ardhi chini ya tairi

Hapa ndipo njia hizi tatu zinapoachana kabisa, na ndipo nitakapokaa.

Barabara ya Pangani kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na mchanga, yenye rasta za kumtikisa mtu hadi meno. Lami imekuja kwa mradi wa barabara ndefu ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Mwendo umelainika, lakini penye ujenzi na penye vichochoro vya kuingia vijijini magari huukokota mchanga na kuutandaza juu ya lami, nao huwa mwembamba kiasi kwamba unauona ukiwa tayari uko juu yake. Kwa hiyo hata kwenye lami nzuri usiingie kona kana kwamba ni yako peke yako.

Uzuri wake ni kwamba kona za Pangani zinaonekana. Njia inapita kwenye minazi na mashamba ya mkonge, na mkonge ni mfupi. Unaliona gari likiwa bado mbali, unaiona mbuzi inayofikiria kuvuka, unajua kona inaishia wapi kabla hujaianza. Kwa mtu aliyezoea pikipiki ya mjini na anataka kujaribu safari ya kwanza ndefu, hakuna shule nzuri kuliko hii.

Mchanga wa kweli unakutana nao ukichepuka kwenda ufukweni, Mwarongo kwa mfano, au ukivuka mto kuelekea Ushongo. Tairi ya mbele inaanza kucheza, mkono unataka kushika breki. Usishike. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti, legeza viwiko, ongeza moto taratibu na uiache pikipiki itafute njia yake. Breki ya mbele kwenye mchanga inakulaza hapohapo, na mchanga wa pwani, pamoja na ulaini wake wote, una uwezo wa kukuvunjia mkono wa klachi.

Amani ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka unashika tairi karibu kama lami, na ndiyo maana Juni na Julai kuna siku ambazo barabara hii ni tamu kuliko zote tatu. Ukilowa, udongo ule huingia kwenye mistari ya tairi, ukaijaza, na tairi yenye vipara na tairi mpya zikawa kitu kimoja: zote zinateleza kama ndizi iliyomenywa. Tena usidanganyike na kalenda. Milima ya Usambara ya Mashariki iko karibu na bahari. Upepo wenye unyevu unapogonga mlima hulazimika kupanda, ukapoa, ukamwaga maji. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita bila tone. Masika ya Tanga mjini yanaweza kuwa yameisha, ya Amani bado yanaaga.

Kwa hiyo uamuzi wa Amani haufanyiki Tanga, unafanyika Muheza. Simama pale sokoni, nunua chungwa, tazama mlimani. Wingu likiwa juu ya vilele na limetulia, panda. Likiwa limeshuka mpaka katikati ya mlima, kula chungwa la pili na umwulize mwenyeji. Wazee wa njia ile huzisoma mbingu vizuri kuliko simu yako.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwapanda au mwateremka?"

"Twapanda, mzee."

"Basi pandeni sasa hivi, na saa nane muwe mshaanza kurudi. Wingu hilo si la kupita."

Huo ndio utabiri wa hali ya hewa unaotosha. Asubuhi huwa njema, mchana mlima hujifunika, na mvua ya huko hupenda kuja alasiri.

Kupanda ni gia ya kwanza na ya pili, na sehemu chache za kupumua kwa ya tatu. Kushuka ni gia ileile uliyopandia. Usiitoe gia ukaiachia pikipiki iporomoke kwa kuokoa mafuta. Injini ndiyo breki yako kubwa, breki ya nyuma inasaidia, na ya mbele unaigusa tu pikipiki ikiwa imesimama wima. Vijana wa Muheza wanaopakia watu na magunia ya iliki kila siku hushuka hivyo, taratibu, miguu ikiwa tayari kugusa chini, na sijaona sababu ya mtu wa mjini kujifanya anajua zaidi yao.

Ya Lushoto ni lami kutoka Mombo hadi mjini, nyembamba, iliyochongwa ubavuni mwa mlima: ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine. Anayependa kulaza pikipiki kwenye kona, kushoto, kulia, kushoto tena, hii ndiyo yake. Kinachoiharibu ni kwamba kona hazionekani. Costa na malori ya mboga yanayoteremka hukata kona kwa kuingia upande wako, na baada ya masika mawe huanguka kutoka ukingoni. Piga honi kabla ya kona, si ukiwa ndani yake, na kaa upande wako wa kushoto hata pale njia inapokuita katikati. Ukishapita maporomoko ya Soni mlima hulegea kidogo na macho yanapata nafasi ya kutembea.

Udongo mzuri wa Usambara ya Magharibi uko mbele zaidi, ukipita msitu wa Magamba kuelekea Mtae, kama kilomita 60 kutoka Lushoto mjini. Mtae imekaa ukingoni kabisa mwa mlima, na chini yake kuna tambarare za Mkomazi. Hiyo ni safari ya siku ya pili, kwa mtu ambaye mgongo wake bado una hamu.

Raha yenyewe

Nimeeleza hatari kwa kuwa ndizo zinazotenganisha njia, lakini hakuna anayetoka nyumbani kwenda kuepuka hatari. Tunakwenda kufurahi, na raha za njia hizi hazifanani.

Raha ya Pangani iko kwenye kunyooka. Unakaa kilomita 50 kwa saa, injini haichoki, kofia imefunguliwa kioo, na harufu zinakuja kwa zamu: majani makavu ya minazi yanayochomwa, mkonge uliokatwa, kisha chumvi. Mtu anaweza kuwaza mambo yake yote njia ile na akafika hajachoka.

Raha ya Amani ni ya polepole, na kwangu ndiyo ya kwanza. Ukitoka Muheza unapita michungwa, kisha njia inaingia kwenye shamba la misaji la Longuza, miti imesimama mistari kwa mistari na mwanga unakatika juu ya mkono wako wa kulia, ule wa kuongeza moto. Unaingia Sigi, lango la hifadhi, na hapo hewa inabadilika kabla hata hujazima injini. Kutoka Sigi kwenda juu ni kona chini ya msitu mkubwa. Unakwenda kilomita 20 kwa saa, wakati mwingine 15, na ndipo faida ya pikipiki ndogo inapoonekana: injini haipigi kelele, kwa hiyo unamsikia hondohondo akipita juu kwa mabawa yale yanayofoka, na mbega wanaruka kutoka tawi hadi tawi bila kukujali. Mwenye gari amefunga vioo. Hivyo vyote vinampita. Msitu ukiachia, ghafla kuna majani ya chai yaliyokatwa sawasawa mpaka bondeni, na wachumaji wenye vikapu mgongoni wanaosalimia kila anayepita. Kati ya Muheza na Amani umepanda zaidi ya mita 600, na mwili unaijua kila mita.

Raha ya Lushoto ni ya mikono na kiuno. Ni ya yule anayefurahia kona kama kona. Kama hujawahi kupata furaha ya kutoka kwenye kona ukiwa umeipatia gia yake, kilomita zile 33 zitakuonyesha. Kama huijali furaha hiyo, utafika Lushoto umechoka shingo.

Upepo na baridi

Kipupwe ni msimu wa kusi, upepo wa kusini. Unaposhuka Pangani unaupokea usoni na upande wa kushoto, unaotoka baharini, na mchana huzidi nguvu. Pikipiki nyepesi huyumba pale minazi inapoisha na shamba tupu kuanza. Haitishi, ila inachosha shingo na inakula mafuta. Kurudi, upepo huohuo unakusukuma nyumbani. Ni bahati kwamba sehemu ngumu iko asubuhi ukiwa na nguvu.

Milimani hesabu ni nyingine. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Amani iko kwenye mita 900 na kitu, Lushoto kwenye mita 1,400 hivi, na asubuhi ya Julai Lushoto si ya shati. Ongeza upepo wa mwendo, ongeza mikono iliyoshika usukani bila glavu. Mtu wa Tanga hujisahau kwa sababu ameondoka nyumbani akitoka jasho. Beba jaketi hata kama mkeo anakucheka mlangoni.

Injini nayo inaihisi hewa hiyo. Pikipiki ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa CC 150 yenye mtu mmoja hutajali. Kwa CC 100 yenye watu wawili na begi, mlima wa Soni utakujulisha.

Ukiwa umempakia mtu

Hapa sina mjadala mrefu: Pangani. Njia imenyooka, kuna mahali pa kusimama kila baada ya mwendo mdogo, na abiria anaona kila unachokiona wewe.

Amani na abiria ni kazi. Kwenye mwinuko mkali uzito wa nyuma unaipunguzia tairi ya mbele mshiko, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mtelezo abiria akiyumba upande mmoja mnakwenda naye. Tena kwetu pwani abiria wengi wa kike hupanda upande, miguu yote kushoto. Mjini sawa, ingawa hata mjini baibui na kanga hupenda cheni. Kwenye udongo wa mlimani haifai kabisa. Akae kwa kutanua miguu, avae suruali ndani, ashike kiunoni. Kama hataki kukaa hivyo, basi siku hiyo ni ya Pangani, na mambo yaishe bila ugomvi. Kofia ngumu ni ya wote wawili, kwa sheria na kwa akili. Ile moja inayotundikwa kwenye kioo cha pembeni haimlindi yeyote.

Lushoto na abiria inawezekana kuanzia Mombo. Sehemu ya barabara kuu ndiyo nisiyoipenda kwa watu wawili. Wengine hufanya la busara: abiria anapanda basi mpaka Mombo, mwenye pikipiki anamkuta stendi.

Kusimama njiani

Pangani inashinda kwa mbali, na imenipa tabu kujizuia.

Karibu kilomita 20 kutoka Tanga kuna Tongoni. Magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, chini ya mibuyu karibu na bahari. Ilikuwa mji wa biashara karne nyingi zilizopita, na Wareno wa Vasco da Gama walipita maji yale. Meli yao São Rafael waliichoma moto pwani hii mwaka 1499 kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Egesha pikipiki nje ya uzio, vua kofia, salimia mlinzi vizuri, na atakutembeza.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na miaka mingi baadaye wavuvi wa Tanga nao wakaanza kumpata kwenye nyavu zao za kina kirefu. Hutamwona, yuko chini sana. Utakaowaona ni samaki wa kawaida waliotoka majini asubuhi ile, na mama wa kukukaangia hakosekani.

Pangani mjini tembea kwa miguu. Hapa ndipo vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilipoanza mwaka 1888, na hapahapa wakamnyonga Desemba 1889. Milango ya kuchongwa bado ipo kwenye nyumba ambazo nyingine paa zimeanguka. Ukiwa na saa mbili za ziada, vuka mto kwa kivuko kwenda Bweni. Pikipiki inapanda na wewe, katikati ya baiskeli na matenga. Ng'ambo hiyo, Kikogwe, ndiko mkonge wa kwanza wa nchi hii ulikopandwa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi kutoka Florida mwaka 1893 na vikafika vizima 62 tu. Kilimo cha mkonge uliouona asubuhi kilianza na hivyo. Zaidi ya hapo kusini kuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye simba na tembo. Pikipiki geuza kabla.

Amani vituo ni vichache lakini si haba. Sigi kuna jengo la stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani iliyokuwa ikishusha magogo. Hifadhi yenyewe ni ya mwaka 1997, na kiingilio hulipwa kwa simu au benki, kwa hiyo usitegemee noti ya mfukoni. Juu kuna bustani ya miti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902 kwa kujaribu mimea kutoka kila pembe ya dunia; mingine ilikaa vizuri, mingine ilitoroka bustanini na sasa inausumbua msitu. Kwenye miamba yenye kivuli chungulia ua dogo la zambarau lenye majani yenye manyoya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani likijulikana pia kama saintpaulia, kwa jina lake.

Kula: Pangani samaki na pweza, wali wa nazi, na bada, ugali wa muhogo, ukiwapata wanaosonga. Amani chai ya maziwa yenye iliki na andazi, basi. Shiba Muheza kabla ya kupanda. Lushoto mboga na viazi vya kila aina, na huko mtu hula sana kwa sababu ya baridi.

Pikipiki yenyewe

Kwa Pangani inatosha tairi nzima, breki nzima na cheni iliyotiwa oili. Ukirudi osha kwa maji matamu, hasa spoki na chini ya injini, maana chumvi haisubiri.

Kwa Amani tairi ya nyuma lazima iwe na meno. Punguza upepo kidogo ukifika mwisho wa lami, na ubebe pampu ya mkono ya kuurudisha. Beba pia tyubu moja, spana ya ekseli na kipande cha waya. Jaza mafuta Muheza. Juu utapata ya chupa dukani, kwa bei ya chupa. Pikipiki hizi hutumia lita moja kwa kilomita 40 hivi kwenye lami, lakini mlima wa gia ya kwanza una hesabu zake.

Kwa Lushoto kagua breki kabla ya kila kitu. Kama viatu vya breki vimebaki vyembamba, badilisha Tanga. Kuteremka Soni hadi Mombo si mahali pa kugundua.

Mimi ningechaguaje

Safari ya kwanza ya msimu, au na abiria: Pangani, bila kufikiri mara mbili. Siku mbili, peke yako au na wenzio wawili wenye pikipiki zao, na unapenda kona za lami: Lushoto, ukalale, kesho Mtae. Siku moja ya wingu la juu, tairi zenye meno, hujampakia mtu: Amani, na nitakuonea wivu. Wapo watakaosema Amani ni taabu tupu, na kwa wiki ya mvua wana haki. Ndiyo sababu naiweka juu katika wiki hizi chache na si katika mwaka mzima.

Demani, Septemba na Oktoba, mpangilio huu unageuka kidogo. Kusi limelegea, bahari imetulia, Pangani inakuwa nzuri zaidi ya ilivyokuwa, ila ukijani umefifia na njia za udongo zimeanza vumbi. Amani hubaki ya kijani, lakini ukimfuata mwenzio nyuma, hasa kabla ya kufika Sigi, utakula vumbi lake.

Kama huna pikipiki

Pangani unaweza kukodi bodaboda Tanga mjini kwa siku nzima. Wengi wanaijua njia. Amani usichukue wa Tanga, hata akikuapia. Panda daladala mpaka Muheza, uliza pale stendi kijana anayepanda Amani mara kwa mara, mtazame tairi ya nyuma kabla ya kuzungumza bei, na kofia ya abiria ijaribu kama inafunga. Patana naye kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na umlipe salio mkisharudi Muheza, kwa sababu huko juu saa kumi alasiri, mvua ikianza, kumpata mwingine wa kukuteremsha ni kazi.